Gwamaka wa Talatala

Nancy alianza kumwonea baba yake mdogo kinyaa mchana wa Jumanne, wakati yule bwana akinyonya kichwa cha mbasa. Kabla ya hapo alikuwa akimwogopa kidogo na kumheshimu sana, kama inavyompasa mtoto aliyefiwa na baba. Lakini siku hiyo Andongwisye alikuwa amekaa barazani kwake, sahani ya wali mbele yake inanukia mpaka barabarani, mafuta ya samaki yanamchuruzika kidevuni, naye kati ya kunyonya na kutema miba akamwambia mtoto wa kaka yake kwamba asipoleta cheti cha kuzaliwa hatamwandika kwenye orodha ya warithi.

"Si mimi, mwanangu," alisema. "Ni sheria." Akachomoa mwiba katikati ya meno, akautazama, akaulamba.

Sheria! Mtu huyu huyu, Gwamaka kaka yake alipofariki kwa homa ya ini miaka miwili iliyopita, alilia mpaka akashikwa na watu wanne asijitose kaburini. Ukoo ukaona hapa ndipo penye huruma, ukamchagua awe msimamizi wa mirathi. Mirathi yenyewe haikuwa ya kumtoa mtu roho: nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ombe wawili, na eka tatu za kokoa hapo hapo Talatala. Mjane mmoja, Anyisile. Mtoto mmoja, Nancy, wa miaka ishirini na minne, fundi cherehani. Mwaka mzima ukapita hakuna aliyezungumzia kugawana kitu. Kisha bei ya kokoa ikapanda, ikapanda tena, watu wakaanza kulala chumba kimoja na magunia yao, na asubuhi moja Andongwisye akaonekana akilipima shamba la marehemu kwa hatua, mikono nyuma, midomo ikihesabu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wahenga hawakuwahi kumwona Andongwisye.

Cheti cha Nancy kilikuwepo, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kukisoma, ila kilikwenda na maji. Masika iliyopita mto ulipopasua kingo, maji yaliingia nyumbani kwao usiku na kupanda hadi usawa wa godoro, na sanduku la nyaraka likakutwa jikoni limejaa tope. Kadi ya kliniki, cheti cha ndoa, risiti za chama cha ushirika, vyote vilikuwa uji. Andongwisye alilijua hilo vizuri. Ndiye aliyesaidia kulimwaga lile tope.

Nancy hakulia. Alifunga cherehani yake, akaenda Kyela mjini kwenye dirisha la vizazi na vifo. Karani wa dirisha lile, mama mmoja mwenye miwani aitwaye Maria, alimpokea kwa subira ambayo Nancy hakuitegemea. Alimweleza kwamba cheti kikipotea au kuharibika mtu hasajiliwi upya, bali anaomba nakala, kwa sababu daftari lenyewe bado lipo. Ajaze fomu: majina yake kamili, tarehe na mahali alipozaliwa, majina ya wazazi wote wawili, na namba ya ingizo kama anaikumbuka. Aambatanishe kivuli cha kitambulisho chake cha taifa, alipie ada kwa namba ya malipo, kisha arudi Alhamisi.

Alhamisi akarudi. Nancy Gwamaka Mwalukasa hayumo daftarini.

Maria alitafuta mara mbili, akatafuta mwaka uliotangulia na uliofuata. Nancy aliyajua tayari maneno ambayo baba yake mdogo angeyasema. Mwishowe Maria akaamua kutafuta kwa tarehe na jina la mama, na hapo ndipo ukurasa ukapatikana: mtoto wa kike, Nancy, amezaliwa katika zahanati moja huko Ikolo, mama Anyisile, na ndiye aliyetoa taarifa. Nakala ikachapwa, ikagongwa muhuri kwamba ni nakala sahihi ya kilichomo daftarini, ikapitishwa dirishani. Nancy akasoma mstari wa baba. Gwamaka Talatala.

Alicheka kwanza. Halafu akasoma tena, na kicheko kikaisha. Talatala ni kata. Hakuna mwanadamu anayeitwa hivyo.

Jioni alimwekea mama yake ile karatasi mapajani. Anyisile aliishika kwa ncha za vidole, akasema kwa sauti ndogo kwamba kosa ni lake.

Hapa lazima nieleze, maana asiye wa kwetu anaweza kudhani mama huyu alikuwa punguani. Kwa Wanyakyusa mkamwana humtila baba wa mumewe. Kumtila ni kumwogopa kwa heshima: hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, hapiti njia aliyomo, na jina lake halimtoki mdomoni mpaka anaingia kaburini. Siku hizi wengi wameacha, na utawaona maharusi wakipiga picha wamemkumbatia baba mkwe kana kwamba ni shangazi yao. Lakini Anyisile alilelewa na bibi yake Ikolo, na tila yake ilikuwa ile ya zamani isiyo na mapumziko. Akimsikia mzee Ezekia, baba wa mumewe, anakohoa njiani aliingia migombani mpaka apite, hata akiwa na ndoo kichwani, hata alipokuwa na mimba ya miezi minane. Kanisani, somo likitoka katika Ezekieli, yeye alisema ni kile kitabu kinachofuata Maombolezo.

Basi alipojifungua kwao Ikolo, muuguzi akamuuliza jina la baba wa mtoto, akasema Gwamaka. Gwamaka nani? Hapo akakwama. Jina la pili la Gwamaka ni Ezekia, baba mkwe mwenyewe. La tatu ni Mwalukasa, ambalo ni la mzee huyo huyo. Muuguzi ana foleni, kalamu iko hewani. Anyisile akasema, "Gwamaka wa Talatala," akitumaini kwamba yeyote anayemfahamu mumewe ataelewa. Kalamu ikaandika.

"Baba alikiona hicho cheti?" Nancy aliuliza.

Baba yake alikiona, mama akajibu, na Gwamaka akasema karatasi ni karatasi tu, mtoto ni wangu. Na baba yake mdogo naye alikiona. Siku cheti kilipoletwa nyumbani Andongwisye alikuwepo, akakisoma kwa sauti, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akamsifu shemeji yake mbele ya wageni kwamba huyu ndiye mke mwenye adabu, wengine wajifunze. Miaka yote alikuwa akiisimulia harusini, kwa wazee wenzake, kama kichekesho.

Nancy alilala na maneno hayo. Asubuhi akaenda kwa baba yake mdogo na ile nakala, si kwa sababu alikuwa na matumaini, bali alitaka kuona uso wake. Na aliuona. Andongwisye alivaa miwani, akasoma taratibu, akageuza karatasi nyuma kana kwamba kuna kitu kimefichwa huko, akaivua miwani na kuipangusa kwa kitambaa cheupe.

"Huyu Gwamaka Talatala simfahamu," alisema kwa upole. "Marehemu kaka yangu alikuwa Mwalukasa."

Hakupepesa hata jicho. Macho makavu kabisa. Ni mzee wa kanisa huyu, hupitisha sadaka kila Jumapili akiwa na shati lililonyooshwa mpaka kola inasimama. Nancy alitamani kutapika, na si kwa kusema tu. Mate yalimjaa mdomoni, ikabidi atoke nje, akatema chini ya mti wa kokoa. Akiwa ameinama pale alimsikia baba yake mdogo akimwambia mkewe kwamba mabinti wa siku hizi wana mimba za ajabu ajabu.

Alirudi dirishani. Maria hakushangaa, alisema majina ya watoto wa huku yameshamwonyesha mengi. Kosa la daftari linarekebishwa, alieleza, lakini si kwa maneno. Yule aliyetoa taarifa siku ya kwanza, yaani mama, aape mbele ya wakili kwamba taarifa ilikuwa na kosa, ataje jina sahihi la baba na aeleze kosa lilivyotokea. Kiapo hicho kiende pamoja na cheti cha ubatizo, ambacho kwa bahati kilikuwa salama kwenye kabati la mchungaji, na kwenye ubatizo jina alilitoa Gwamaka mwenyewe, kamili. Daftari likirekebishwa itatoka nakala mpya iliyothibitishwa, na hiyo hakuna hakimu atakayeikataa.

Nancy aliwaza kwanza kumtumia babu. Mzee Ezekia angeapa kwa dakika moja kwamba mwanawe ni mwanawe na mjukuu ni mjukuu, na mama asingelazimika kufungua mdomo. Lakini mzee anaishi nyumbani kwa Andongwisye, ndani ya mji wake, na Andongwisye alimwambia Nancy akiwa mlangoni kwamba babu kumbukumbu zimemtoka, hajui hata leo ni siku gani, asisumbuliwe. Nancy alisikia kikohozi cha babu ndani. Akaamini. Jambo hilo linamuuma mpaka leo.

Kwa hiyo ikabaki kwa mama. Usiku huo Nancy alimsemesha kwa ukali ambao hakujua anao. Alimwambia kwamba shamba linakwenda, nyumba inakwenda, na jasho la baba linakwenda kwa mtu anayelamba miba, kwa sababu ya majina mawili tu. Anyisile alisikiliza akichambua mchele. Hakujitetea. Alisema tu kwamba hajui kama ulimi wake utakubali, maana haujawahi kujaribu.

Siku ya kiapo walikwenda kwa wakili Lugano, kijana mwenye ofisi ya chumba kimoja karibu na soko. Walipoingia walimkuta Andongwisye amekwishafika. Amekaa kwenye kiti kizuri, na pembeni yake wazee wawili wa ukoo waliovaa makoti ya suti kwenye joto lile la Kyela. Alisema amekuja kama msimamizi, kuhakikisha mambo yanakwenda sawa. Alimpa Nancy mkono, mkono laini wenye unyevu, na Nancy akajifuta kwenye sketi bila kujificha.

Lugano alikuwa ameandaa kiapo kwa chapa. Akamwonyesha Anyisile mahali pa kusaini. Nancy alishusha pumzi. Alidhani mambo yatakwisha hivyo, kalamu na dole gumba. Ndipo Andongwisye akakohoa kidogo na kusema, kwa sauti ile ya kutoa matangazo kanisani, kwamba yeye ana mashaka na suala hili na angeomba shemeji yake atamke mwenyewe kwa mdomo, asije kesho akasema hakuelewa alichosaini. Lugano alimtazama, akakuna kidevu, akasema kwamba kwa kuwa kuna mtu anayepinga, ni kweli ingefaa mwapaji athibitishe kwa kinywa chake.

Anyisile akasimama na Biblia mkononi. Alikuwa ametazama sakafu. Andongwisye aliinamisha kichwa kama anayesali, lakini Nancy aliyekuwa ameketi chini kwenye kigoda alimwona kwa chini: alikuwa anatabasamu. Alijua atashinda. Alikuwa amempima mama huyu kama alivyolipima shamba.

Dakika ikapita. Nje mtu alikuwa ananadi nyanya.

"Baba wa mtoto huyu," alisema Anyisile, "ni Gwamaka Ezekia Mwalukasa."

Sauti haikutetemeka. Alisema tena mara ya pili bila kuombwa, polepole, kama mtu anayeonja chakula ambacho amekipika maisha yake yote bila kukila. Kisha akasaini. Lugano akagonga muhuri.

Nancy aligeuka kuuona uso wa baba yake mdogo ukianguka, lakini haukuanguka. Andongwisye alikuwa bado anatabasamu, na sasa hakujificha. Aliwageukia wale wazee wawili akawauliza kama wamesikia. Wakasema wamesikia. Na hapo ndipo Nancy alipoelewa makoti yale yaliletwa kufanya nini. Mama asingetaja, hakuna karatasi. Ametaja, ni mkamwana aliyemtukana baba mkwe hadharani, mbele ya mashahidi, na mwanamke wa namna hiyo hakai kwenye ardhi ya ukoo. Mitego miwili, mlango mmoja. Mtu alikaa kitako, akaifikiria heshima ya mama wa watu, akaona panya anaweza kunaswa hapo. Nimewaona wezi wengi, wa kuku, wa nyavu, wa magunia. Sijawahi kuona aliyeiba kwa kutumia adabu ya mwenzake.

Hakungoja hata kesho. Alasiri hiyo hiyo alikusanya watu uani kwake Talatala, akamtoa mzee Ezekia nje na kumkalisha kwenye kiti cha uvivu. Anyisile naye aliitwa, lakini kwa kuwa mzee yupo uani, alisimama nyuma ya jiko kama siku zote, asionekane. Nancy akakaa mbele kabisa, kiapo mkobani. Andongwisye alizungumza kwa uchungu wa kupangwa. Alisema jina la baba limeburutwa sokoni. Alisema wazee hawa ni mashahidi. Alisema yeye kama mwana hawezi kuvumilia, na anaomba baba atamke kwamba mwanamke huyu arudi kwao Ikolo na shamba lirudi kwenye ukoo. Alipofika kwenye neno shamba alijipangusa macho na kitambaa chake cheupe.

Mzee Ezekia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza leo ni tarehe ngapi. Andongwisye akawatazama watu kwa huruma, kama kusema mnaona. Mzee akaendelea. Alisema anauliza kwa sababu ni wiki nzima sasa tangu amsikie Nancy mlangoni na kumwambia mwanawe ampeleke mjini akaape yeye mwenyewe kwa ajili ya mjukuu wake, na kila siku ameambiwa pikipiki haina mafuta. Alitaka kujua leo mafuta ya kupeleka watu watatu yametoka wapi.

Mzee wa suti mmoja alianza kutazama viatu vyake.

"Jina langu limetajwa," alisema mzee Ezekia. "Limetajwa kwenye kiapo, na limesema kweli. Nancy ni wa Gwamaka. Andongwisye, majina yao utayapeleka mahakamani wiki hii, na shamba ni lao." Akageuza kichwa kuelekea jikoni, na akapaza sauti kidogo. "Anyisile. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Kutila kumetosha. Kuanzia leo pita popote, na uniite upendavyo."

Watu wakaguna. Mzee hakuwa amemaliza. Alimtazama mwanawe aliyesimama na kitambaa mkononi, akasema kwamba tila haiwezi kubaki bila mtu, hivyo ataichukua Andongwisye. Asimtazame baba yake usoni. Asile anapoonekana. Akimsikia anakuja aondoke njiani. Na jina lake asilitaje, kwa kuwa leo ameonekana kulipenda mno.

Wengine walitaka kucheka, lakini wale wazee wawili walisimama haraka, wakavua kofia, wakaanza kumwombea Andongwisye. Ni adhabu kubwa mno, walisema. Mtu mzima mwenye akili zake atawezaje kuishi hivyo, kujificha ndani ya mji wake mwenyewe, kunyamaza, kuishi kama mwizi? Ni kumvunja utu. Walimsihi mzee apunguze, angalau iwe mwezi mmoja, angalau mpaka mavuno. Mmoja alikuwa na machozi, ya kweli.

Nancy aliwasikiliza, akingoja mtu amtaje mama yake. Walisema kujificha, walisema kuvunjwa utu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kutazama upande wa jiko. Akamtazama babu yake, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa amempenda kuliko mtu yeyote duniani, na hata yeye alikuwa anatikisa kichwa akifikiria ombi la wale wazee. Kile kinyaa kilichoanza kwenye kichwa cha samaki kikampanda tena, na safari hii hakikuwa cha mtu mmoja. Akainuka bila kuaga.

Mama yake alikuwa amesimama nyuma ya jiko, mgongo ukutani, kanga imefunika nusu ya uso. Alikuwa amesikia yote. Hakuuliza kuhusu shamba, wala kuhusu karatasi.

"Ni kweli amesema imetosha?" aliuliza.

Nancy akamwambia ni kweli, amesema mbele ya watu wote.

Anyisile akaitoa kanga usoni. Huko uani bado walikuwa wanamwombea Andongwisye.

"Kwa neno moja tu," alisema. "Kumbe ilikuwa inawezekana."